Mwenda Tezi na Omo: Wasia kwa Wanaoanza Kiingereza cha Kidato cha Tano

Kila mwaka, Julai inapowadia na baridi ya kipupwe ikaenea nchini, mabasi ya mikoani hubeba abiria wa namna moja ambao jicho haliwezi kuwakosea: vijana wenye matranka ya bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, ndoo za plastiki na karatasi za maelekezo ya kujiunga, wakielekea shule ambazo aghalabu yao hawajaziona hata kwa picha. Hao ndio waliochaguliwa kuingia kidato cha tano. Miongoni mwao wamo waliopangiwa tahasusi zenye Kiingereza, ambazo wenyewe huziita kwa herufi tatu tatu: HGL kwa Historia, Jiografia na Kiingereza, HKL kwa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na KLF kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kwa hao wa herufi L ndiko nilikokusudia kuelekeza maneno yangu leo, maana nimekaa nao darasani miaka mingi kabla ya kustaafu, na naijua hofu wanayoifungia ndani ya matranka yao pamoja na nguo na sabuni.

Hofu hiyo naijua kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya yule aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka 7, kisha akakivuka Kiingereza cha sekondari miaka 4 kama mtu avukaye mto kwa kuruka jiwe hadi jiwe, akafika ng'ambo salama bila ya kukijua kina cha maji. Huyu huingia darasani akiamini kwamba wenziwe wote wanakijua asichokijua yeye. Ya pili ni ya yule aliyelelewa katika shule za Kiingereza tangu utotoni, anayekisema bila ya kukwama, na ambaye hofu yake imejificha nyuma ya majivuno: haogopi kitu mpaka siku anaporudishiwa jaribio la kwanza, akaona kwamba wepesi wa ulimi wake haukumfaa lolote mbele ya swali lililomtaka aeleze, kwa ushahidi, namna mwandishi alivyoitenda kazi yake.

Wote wawili wamelidhania somo kuwa ni mizani ya ulimi, ilhali ni mizani ya jicho. Kusema kwa ufasaha ni neema, wala simtoi mtu katika kuitafuta. Lakini darasa la kidato cha tano humdai mwanafunzi jambo lililo gumu zaidi na lenye kudumu zaidi, nalo ni kulitazama neno, kuliuliza kwa nini limekaa hapo lilipokaa, na kutoliacha mpaka lijibu. Yote nitakayousia hapa chini, yawe ya kusoma, ya kuandika au ya kupanga wakati, ni matawi ya shina hilo moja.

Kosa lililoachwa kwa makusudi

Katika riwaya ambazo vizazi kwa vizazi vya kidato cha tano na cha sita vimezisoma hapa nchini, mojawapo ni ile ya Ayi Kwei Armah wa Ghana iliyotolewa mwaka 1968, The Beautyful Ones Are Not Yet Born. Kabla hujaifungua, mwanangu, litazame jina lake. Neno la pili halikuandikwa kama kamusi inavyoliandika. Penye herufi i, mwandishi ameweka y. Lau ungeliandika hivyo katika insha yako, mwalimu angelipiga mstari wa wino mwekundu bila ya kufikiri mara mbili. Na mwandishi mwenyewe hakuwa mtu asiyejua tahajia, kwani alisoma hata chuo kikuu cha Harvard huko Marekani. Kwa nini, basi, kosa dhahiri kama hilo likapewa nafasi ya heshima kuliko zote, juu ya jalada?

Mwenye subira ya kufika kurasa za mwisho hulikuta jibu likipita barabarani. Mhusika mkuu, karani wa reli ambaye mwandishi hakumpa jina, akamwita mtu tu, amekwisha kuiona serikali ikipinduliwa, na ameona pia kwamba askari wa njiani bado anapokea rushwa vilevile kama jana. Ndipo linapompita basi dogo, na mgongoni mwake yamechorwa maneno hayo yaliyo jina la kitabu, kwa tahajia hiyo hiyo, yakizunguka ua moja lililochorwa katikati. Kumbe si mkono wa mwandishi uliokosea. Ni mkono wa mchoraji wa mabasi. Mwanafunzi mmoja atasema kwamba uzuri unaongojwa na taifa hilo haujakamilika hata katika herufi zake. Mwingine atasema kwamba tumaini limetoka kwa watu wa barabarani, wasiojua tahajia, ilhali waliosoma sana ndio walioila nchi. Wote wawili wanaweza kupata alama nzuri, maadamu kila mmoja amezirejea kurasa na kuonesha alipoyatoa maneno yake. Na yule wa tatu, aliyepita juu ya neno hilo akidhani ni kosa la mpiga chapa, amelikosa lango lenyewe la kitabu.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu Mswahili hahitaji kufundishwa upya kwamba maandishi mafupi huweza kubeba maana nzito. Mtazame mama yako anapochagua kanga dukani. Huitazama rangi na huitazama pindo, lakini kabla ya kutoa fedha huuliza jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji wa kanga, maana anajua kwamba atakapopita nayo kibarazani, jirani atayasoma, kisha atajiuliza maswali ambayo profesa yeyote wa fasihi angejivunia: nani amelengwa, kwa nini leo na si jana, kwa nini ameivaa kwenda arusini na hakuivaa kwenda sokoni, na je, ni nasaha, ni kejeli au ni mapenzi? Hayo ndiyo maswali ya muktadha, ya dhamira na ya toni ya msemaji, ambayo katika darasa la Kiingereza utayakuta yamevishwa majina mengine. Umelelewa katika nyumba ambamo maandishi husomwa kwa makini, na hukuwa na habari kwamba hiyo ni elimu.

Aidha, kama ulisoma ushairi wa Kiswahili, unajua kwamba katika shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa kila mshororo, silabi moja ikizidi au ikipungua, sikio huruka. Aliyezoea kuhesabu mizani hawezi kuamini kwamba mtunzi yeyote ameweka neno pasi na sababu. Sitiari ni sitiari hata ikibadilishiwa kanzu, na tashbihi, tashihisi, kejeli na takriri ulizozijua tangu kidato cha pili ndizo hizo hizo zitakazokupokea katika mashairi ya Kiingereza. Usiiache akiba hiyo mlangoni mwa darasa kana kwamba ni viatu vya kuingilia msikitini, ingia nayo.

Hesabu ya miezi

Wakati ni mfupi kuliko unavyoonekana. Anayeanza Julai atakalia mtihani wa mwisho wa kidato cha sita katika Mei ya mwaka wa pili baadaye, ambayo ni kiasi cha miezi 22. Ondoa humo likizo, majaribio, mitihani ya moko na siku za maradhi, na usisahau kwamba yapo masomo mengine mawili ya tahasusi yako, pamoja na masomo ya lazima kwa wote, nayo kila moja lina haki yake juu yako. Mtihani wa Kiingereza wenyewe umekuwa ukija kwa karatasi mbili za saa 3 kila moja: ya kwanza huitazama lugha, kwa maana ya sarufi, uundaji wa maneno, matumizi ya lugha katika jamii na tafsiri, ya pili huitazama fasihi, yaani riwaya, tamthilia na ushairi.

Shauri langu ni hili: vitabu vya fasihi visomwe mwanzo, katika miezi ile ya kwanza ambayo wengi huipoteza kwa kuzoea shule. Riwaya ya kurasa 180, kwa anayesoma kurasa 10 kila usiku kabla ya taa kuzimwa, humalizika kwa siku 18. Tamthilia ya kurasa 80 huisha kwa siku 8. Kwa hesabu hiyo isiyomchosha mtu, kabla ya Krismasi mwanafunzi amekwisha kuvipitia vitabu vyake vyote mara moja, na mwalimu anapokuja kuvifundisha, yeye anavisikia kama mtu anayesimuliwa habari za mji aliokwisha kuutembelea.

Natambua kwamba katika shule nyingi nakala hazitoshi, na pengine kitabu kimoja hugombewa na wanafunzi 10 au zaidi. Upungufu huo ni wa kweli na ni wa kusikitisha, wala sitaki kuufunika kwa maneno matamu. Lakini nimeona bwenini vijana waliokizunguka kitabu kimoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, wakapokezana kila baada ya kurasa 5, na ikatokea kwamba hao walikielewa kitabu kuliko waliokuwa na nakala zao binafsi, kwa kuwa sikio hulikamata neno ambalo jicho lenye haraka huliruka, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa huru kuwakatiza wenziwe akauliza: hapo amekusudia nini?

Kusoma mara mbili

Kitabu cha darasa hili hakisomwi mara moja. Mara ya kwanza kisome bila ya kalamu, ukifuata kisa, ukicheka panapochekesha na kuumia panapoumiza, maana hakuna uchambuzi unaoweza kusimama juu ya kitabu ambacho hakikumgusa msomaji. Usikimbilie kamusi kwa kila neno usilolijua. Liache lipite kama halikuzuii kuendelea, na lile linalorudi mara tatu ndilo ulitafute.

Mara ya pili kisome ukiwa na daftari ulilolipiga mistari ya safu tatu. Katika safu ya kwanza andika tukio na nambari ya ukurasa. Katika ya pili, neno au picha iliyokushika. Katika ya tatu, swali lako. Nirejee katika ile riwaya ya Armah. Mwanzoni kabisa, kondakta wa basi anaichukua noti ya sedi akainusa. Mwanafunzi mwenye haraka hupita. Mwenye daftari huandika ukurasa, huandika neno harufu, na katika safu ya tatu huuliza kwa nini mtu ainuse fedha badala ya kuihesabu. Siku ile bado hana jibu. Lakini uvundo utaendelea kumfuata katika kurasa zinazofuata, katika vyoo, katika takataka, katika mikono inayoacha uchafu juu ya kishikio cha ngazi, mpaka atakapofika pale ambapo waziri mwenye fahari anaokoa nafsi yake kwa kutoroka kupitia tundu la choo. Na hapo atageuza kurasa za daftari lake nyuma, ataiona ile noti ya mwanzo, na ataelewa kwamba mwandishi alikwisha kumwambia yote tangu basi halijafika kituoni. Furaha ya ugunduzi huo haiazimwi kwa mtu. Naikumbuka katika nyuso za wanafunzi wangu hadi leo, na ndiyo iliyonifanya nidumu katika kazi.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema habari za madesa, kama wanafunzi wenyewe wanavyoyaita: yale makaratasi ya majibu yaliyokwisha kutayarishwa, yanayouzwa katika vibanda vya kutolea nakala au kusambazwa kwa simu, ambayo humpa mwanafunzi wahusika, dhamira na mafunzo ya kitabu pasipo kitabu chenyewe. Mwaka mmoja nilisahihisha insha za darasa zima, nikakuta mhusika mmoja amepewa kazi ambayo kitabuni hakuwa nayo abadan. Na kosa hilo lilijirudia katika insha 11, kwa maneno yale yale na hata alama za vituo zile zile. Sikuwakasirikia. Nilihuzunika, maana nilijua kwamba vijana 11 wenye akili timamu walikuwa wamekubali kuona kwa macho ya mtu mmoja asiyeona.

Mabaharia wa pwani yetu wana usemi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata mtu atembee kutoka tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, hadi omo, sehemu yake ya mbele, mwishowe atarejea ngamani, mle chini kunakotekwa maji, kwa sababu uhai wa chombo uko huko. Waweza kusikiliza maelezo ya mwalimu, waweza kutazama mwongozo, waweza hata kulisoma desa la mwenzako ili ubishane nalo. Lakini ngama yako ni kitabu chenyewe, na mwanafunzi asiyerejea humo chombo chake kitajaa maji yeye akiwa bado anapiga soga juu ya sitaha.

Bandari ya lugha nyingi

Wapo wazazi, na wapo wanafunzi, wanaodhani kwamba kuingia katika Kiingereza cha juu ni kuhama kwao. Vitabu vya somo lenyewe vinawakanusha. Miongoni mwa tamthilia zilizosomwa kwa miaka mingi katika daraja hili imo An Enemy of the People, kisa cha daktari anayegundua kwamba maji ya hamamu zinazouletea mji wake utajiri yamechafuka, na anayetangazwa adui kwa kusema kweli. Aliyeiandika, Henrik Ibsen, aliiandika mwaka 1882 kwa lugha ya kwao Norwei. Imo pia I Will Marry When I Want ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ambayo ilizaliwa kwa Kigikuyu kwa jina la Ngaahika Ndeenda, ikachezwa mwaka 1977 na wanakijiji wa Kamiriithu karibu na Limuru, ikapigwa marufuku, na kabla ya mwaka huo kwisha Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza hukuta kwamba sehemu ya hazina anayofundishwa ilikuja kwa majahazi kutoka lugha nyingine, na kwamba Kiingereza kimekuwa bandari ya kuipokelea.

Hata waandishi walioandika moja kwa moja kwa Kiingereza hawakuviacha vya kwao. Francis Imbuga wa Kenya, katika Betrayal in the City ya mwaka 1976, ameiweka hadithi yake katika nchi iitwayo Kafira. Mwanafunzi anayejua Kiswahili akizipangua herufi za jina hilo na kuzipanga upya atapata neno Afrika, na atakuwa ameufungua mlango ambao msomaji wa London asingeuona upesi, kwa kuwa Kiingereza huliandika jina la bara letu bila ya ile k. Huo ni ushahidi mdogo lakini wa hakika kwamba lugha yako ya kwanza ni ufunguo.

Na ushahidi mkubwa tunao katika historia yetu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh na akafundisha kabla ya kuingia katika siasa, alikifasiri kitabu cha Shakespeare cha Julius Caesar, tafsiri yake ikatolewa mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia nyingine ya Shakespeare. Mtu aliyebeba mzigo wa dola changa alipata wapi wakati wa kupima maneno? Nadhani jibu ni kwamba alikipenda Kiingereza kiasi cha kukisoma neno kwa neno, na alikipenda Kiswahili kiasi cha kutaka kionekane kwamba kinaweza kulibeba neno hilo. Mapenzi hayo mawili hayakugombana ndani ya moyo mmoja. Zingatia pia kwamba hakuridhika na tafsiri yake ya kwanza, aliirudia. Kama mkuu wa nchi aliona haya kuliacha neno lisilokaa sawasawa, sembuse mwanafunzi mwenye insha ya kurasa tatu?

Pale lugha mbili zinapokwaruzana

Makosa mengi ya wanafunzi wetu hayatoki katika uvivu. Yanatoka katika Kiswahili chenyewe kinaposema kwa namna yake. Sisi tuna kitenzi kimoja, kuazima, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kiingereza kina viwili, borrow na lend, na ndiyo maana mwanafunzi husema "borrow me your pen" na asijue kwa nini mwalimu amekunja uso. Sisi tunasikia harufu, tunasikia njaa na tunasikia baridi. Kiingereza hakiliruhusu sikio kufanya kazi zote hizo. Sisi tunasema mtu amevaa shati la buluu, tukikusudia kwamba shati liko mwilini mwake sasa hivi. Anayelihamisha lile -me- moja kwa moja hupata sentensi yenye maana nyingine kabisa. Kiswahili hakina vile vineno viwili vidogo, a na the, wala yeye wetu hatengi mume na mke.

Mtu asiyaonee haya makosa ya namna hiyo, bali ayafanyie daftari. Kila mwalimu anapokusahihisha, andika upande mmoja ulichosema, upande wa pili alichokurekebishia, na chini yake andika Kiswahili kilichokuponza. Baada ya muhula mmoja utaona kwamba makosa yako ambayo ulidhani ni mia kwa kweli ni saba au nane yanayojirudia, na adui anayehesabika anaweza kushindwa.

Fauka ya hayo, jizoeze kufasiri. Chukua aya moja ya gazeti la Kiswahili uifasiri kwa Kiingereza. Iweke juma zima. Kisha, bila ya kuitazama asili, irudishe katika Kiswahili. Pale aya ya tatu inapotofautiana na ya kwanza ndipo penye somo lako la siku hiyo, nalo halihitaji mwalimu wala ada.

Kuandika hoja

Insha ya fasihi hupotea kwa njia tatu nilizoziona mara nyingi. Ya kwanza ni kutolisikiliza swali. Swali likikutaka upime ukweli wa kauli fulani kwa kutumia tamthilia mbili, halikukutaka usimulie tamthilia mbili. Na anayetumia kitabu kimoja palipotakiwa viwili ameitupa nusu ya alama zake kabla ya kuanza. Kaa dakika 5 na swali kabla ya kugusa kalamu, upige mstari chini ya kila neno linaloamrisha.

Ya pili ni utangulizi mrefu. Wengi huanza kwa kueleza fasihi ni nini, kisha mwandishi alizaliwa wapi, kisha kitabu kina sura ngapi, na msahihishaji hufika ukurasa wa pili akiwa bado hajakutana na wazo la mwanafunzi. Toa jibu lako katika sentensi za mwanzo, na insha iliyobaki iwe uthibitisho wake. Kila aya ibebe hoja moja. Hoja ifuatwe na tukio au maneno ya kitabuni. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokoma mapema, ueleze ni vipi tukio hilo linathibitisha hoja hiyo. Kutaja kwamba kondakta aliinusa noti ni kuleta shahidi mahakamani. Lakini shahidi asipoulizwa swali hajasaidia kesi.

Ya tatu ni kupenda maneno makubwa. Mwanafunzi aliyeokota neno zito katika kamusi hutamani kulionesha, kama kijana mwenye saa mpya anayekunja mikono ya shati wakati wa baridi. Neno zuri ni lile linalosema hasa ulichokusudia, hata likiwa la silabi moja. Iandike insha yako, ilaze usiku mmoja, asubuhi uisome kwa sauti. Ulimi utakapokwama, hapo pana kasoro. Kisha iandike upya. Mwanafunzi aliyeandika insha moja mara tatu amejifunza zaidi ya aliyeandika insha tatu mara moja moja.

Haki ya kukosea

Nimebakiwa na neno moja, na hili nalisema kwa uchungu. Nimeona wanafunzi hodari wakinyamaza miaka miwili kwa sababu katika juma la kwanza waliinuka kujibu, wakakosea kiarifu, na darasa zima likacheka. Kicheko hicho kilidumu nusu dakika, na kimya kilichofuata kikadumu mpaka mtihani. Ewe unayekisema Kiingereza kwa wepesi, usicheke. Mwenzako aliyekwama huenda ndiye aliyelielewa shairi, nawe utamhitaji. Ewe uliyechekwa, inuka tena kesho. Nanyi walimu wenzangu, linyoosheni wazo kwanza, sarufi baadaye. Na enyi wazazi, mkipata uwezo wa kumnunulia mtoto kitu kimoja tu cha ziada kabla hajapanda basi, kiwe kamusi nzuri, na mkipata uwezo wa kumpa maneno mawili ya kuagana, msimwambie arudi na alama, mwambieni arudi na kitabu kimoja alichokipenda, awasimulie.

Basi lile la Julai litakapoondoka, kijana atakaa karibu na dirisha, na mbele yake watapita malori na daladala, kila moja na maandishi yake mgongoni, mengine yamekosewa tahajia kwa mikono ya wachoraji wasiomaliza shule. Ayasome, moja baada ya jingine. Ajiulize nani aliyaandika, alimwandikia nani, na kwa nini alichagua neno hilo na si jingine. Kabla hajafika shuleni, kabla hajapewa kitanda wala sare, somo litakuwa limekwisha kuanza.